Bi Kamba na Mifuko Isiyoachwa Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja na ninyi wajumbe wa Bodi mliowahi viti vya mbele vyenye kivuli: leo tunamzika mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Bi Kamba, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kejeli, naye aliwaitikia wote kwa sauti ileile. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, karani wa mahakama mstaafu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliandika uongo wa watu waliokula kiapo. Ameshiba. Anayetarajia kumsikia akimvika marehemu kilemba cha ukoka ametoka nyumbani bure.

Tuanze na usahihisho. Jana jioni, pale msibani, Mwenyekiti wa Bodi ya Nyumba ya Malazi alisimama, akapangusa miwani isiyo na vumbi, akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba marehemu aliwapenda watu wasio na makazi kwa sababu yeye mwenyewe "alionja utotoni uchungu wa kukosa pa kulala." La pili, kwamba Nyumba ile aliyoisanifu sasa itaitwa kwa jina lake, na kwa heshima hiyo itakarabatiwa: vitanda vyake vya sanduku vitang'olewa, vitaletwa vya chuma vya dekka, kimoja juu ya kingine, na mlangoni itajengwa stoo ya kuhifadhi mizigo ya wageni. Watu walipiga makofi. Lakini la kwanza ni uongo, na la pili ni kumzika marehemu mara mbili. Familia iliombwa itoe jibu kuhusu hilo jina. Jibu lipo, na litasomwa mwishoni. Mwenyekiti aliomba pia kuuona wasifu huu kabla haujachapwa. Sasa anao mkononi, asome taratibu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, alfajiri, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi mitambo wa kiwanda hicho na mkewe aliyekuwa mkunga. Alilala kitandani, chini ya bati lisilovuja. Alikula akashiba. Alikuwa na viatu vya shule na viatu vya kutokea. Inasikitisha kuwanyima waombolezaji hadithi tamu, lakini hakukosa pa kulala hata siku moja. Alichokosa tangu utotoni ni subira. Wako watu wanaoamini kwamba huwezi kumsikiliza maskini mpaka nawe uwe umepitia umaskini. Ni imani inayowafaa sana, maana inawapa ruhusa ya kutosikiliza.

Alipokuwa na miaka tisa, wazazi walisafiri na kuwaacha watoto chini ya uangalizi wa jirani. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa na tabia ya kugonga kitanda, hivi kwamba baba yao, mtu mnene, aliingia chumbani mwake mwenyewe kwa ubavu kama mwizi. Marehemu alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaipima sakafu, akamlazimisha dada yake kujilaza kila pembe ya chumba na kusema anaona nini kutoka pale. Kisha wakakisukuma kitanda mpaka ukuta wa pili. Baba aliporudi aligonga goti gizani, akauliza kwa ile sauti yake ya kiwandani nani kahamisha kitanda.

"Mimi, baba," alijibu. "Lala kwanza. Utanipiga asubuhi."

Asubuhi baba alikunywa chai, akaenda kazini. Kitanda kilibaki pale pale mpaka mwaka 1994, baba alipofia juu yake. Yale maneno mawili, lala kwanza, ndiyo elimu yote ya marehemu. Vyeti alivyopata baadaye vilikuwa vya kuwaonyesha watu wanaopenda vyeti.

Vyeti vyenyewe ni hivi. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi 1977, ambako mwalimu wa sanaa aliandika kwenye ripoti kwamba "anachora nyumba bila maua." Aliendelea na masomo ya usanifu majengo, akahitimu Novemba 1983, mwanamke pekee katika darasa lake. Wenzake walihitimu wakiwa na ndoto za kujenga minara. Yeye alihitimu na mashaka juu ya minara, mashaka aliyoyatunza hadi kufa, na kila mnara wa mjini ulioota nyufa aliupitia makusudi njiani ili auangalie.

Aliajiriwa na idara ya majengo ya manispaa mwezi Februari 1984. Kwa miaka mingi alichora zahanati, vyoo vya sokoni na ofisi za watu wasioingia ofisini. Huko ndiko alikojifunza jinsi wakubwa wanavyomshirikisha mwananchi: wanamwita, wanampa soda, wanamwonyesha kitu kilichokwisha amuliwa, wanampiga picha akiwa ameinua mkono. Mwaka 1997 alijiuzulu, akafungua ofisi yake ya chumba kimoja juu ya duka la vioo, akaandika mlangoni kwa chaki, "Soda hakuna."

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na mhandisi wa maji, mwanamume mpole ambaye yupo hapa leo na asingependa asemwe sana, basi hatasemwa sana. Itoshe kueleza kwamba walipopata kiwanja, kabla ya harusi, marehemu alitandaza kamba kwenye majani kuonyesha vyumba, akamtaka mchumba wake alale humo kabla ya kuweka hata tofali moja. Mvua ikanyesha. Mama mkwe alipowakuta asubuhi wamelowa, wamekaa ndani ya sebule isiyo na ukuta wakibishana dirisha liwe wapi, alimwambia mwanawe, "Huyu atakutesa." Mwanawe akajibu, "Ndiyo, mama, lakini jua lingekuwa linaniingia machoni kila asubuhi, na sasa halitaniingia." Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1989, ambaye leo ni mfamasia.

Tunafika sasa kwenye kazi iliyomletea marehemu jina, na iliyowaletea wengine picha gazetini. Mwaka 2011 Bodi iliundwa ili kujenga nyumba ya malazi kwa watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka na chini ya ngazi za stesheni. Mwenyekiti wake, mfanyabiashara wa magodoro kwa jumla, alikuwa ameahidiwa msaada na wafadhili kwa sharti kwamba walengwa washirikishwe katika usanifu. Neno hilo, washirikishwe, liliwasumbua. Walimwajiri marehemu kwa kuwa alisifika kwa ushirikishwaji, kisha wakaandaa warsha kwenye ukumbi wa hoteli, wenye kapeti na maua ya plastiki, na mtaalamu wa kugawa vikaratasi vya rangi za kubandika ukutani.

Watu wanane wasio na makazi waliletwa. Walivaa nguo zilizochanika vizuri. Wakaingia, wakatundika makoti yao kwenye misumari ya mlangoni, wakaenda moja kwa moja kwenye chai. Marehemu aliyatazama yale makoti, akamtazama Mwenyekiti, akamfuata mmoja wao penye birika.

"Kaka, unalala wapi siku hizi?"

"Mtaani, mama."

"Mtaa gani?"

Yule bwana alimtupia jicho Mwenyekiti. "Mtaa wetu."

"Na mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo gani?"

Marehemu hakuhitaji kuuliza zaidi. Mtu asiye na nyumba, nyumba yake ni begi lake. Haliachi msumarini akaenda kunywa chai. Wale walikuwa wapakizi wa ghala la Mwenyekiti, waliopewa mapumziko ya nusu siku na maagizo ya kukubali kila kitu, na kusema haki waliifanya kazi yao kwa bidii, kwani kufikia mchana walikuwa wamekwisha bandika vikaratasi vya kijani hadi kwenye mlango wa choo. Mtaalamu aliandika kwamba walengwa wameridhika kwa kauli moja. Marehemu alikunja ramani yake, akaaga, akawaambia wapakizi wapeleke mikate iliyobaki kwa watoto wao.

Kesho yake aliomba ghala tupu la reli, akapewa. Akaenda stesheni na kwenye vibaraza, akatangaza kwamba anahitaji watu wa kulala kazini. Masharti yalikuwa mepesi: njoo na mzigo wako, lala unapotaka, na asubuhi sema kwa nini umelala pale. Alitandaza kamba sakafuni kuonyesha kuta, makreti yakawa milango. Yeyote angeweza kuhamisha kamba moja, lakini baada ya kulala kwanza na kubishana asubuhi. "Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," aliwaambia Bodi walipolalamika kwamba hakuna ramani iliyochorwa. Mwenyekiti, ambaye anauza vitanda, alisema methali si kipimo.

Hapa napo watu wengi hupenda kupaka sukari. Waandishi walioitembelea Nyumba baadaye waliandika kuhusu "hekima ya mtaani." Dada yake marehemu alikwenda pale ghalani mara kadhaa kumpelekea chakula, na alichosikia kilikuwa ujinga wa kawaida tu, uleule unaosikika kwenye vikao vya Bodi, tofauti ikiwa kwamba huku watu walikuwa na kitu cha kupoteza. Mzee mmoja anayeitwa Redio, kwa sababu ya redio mbovu anayotembea nayo begini, alitaka madirisha yasiwepo kabisa. Akalala siku moja kwenye kona isiyo na hewa, akaamka akidai madirisha mawili. Mama Sufuria, anayebeba vyombo vyake vyote vya jikoni mgongoni, alitaka wanaume wote wakoromaji watengewe nyumba nyingine. Na kila mtu, bila kubakiza hata mmoja, alitaka kona. Nani asiyetaka kona? Ukiwa konani, nyuma yako kuna ukuta na ubavuni kuna ukuta. Tatizo ni kwamba chumba kina kona nne na wao walikuwa wengi.

"Redio, hilo wazo lako ni la kijinga," alisikika marehemu akisema. "Lakini nieleze ujinga wake unaanzia wapi, tuone kama mwanzo wake una akili."

"Ujinga unaanzia kwako," alijibu Redio. "Wewe unayechora kuta zimenyooka kama zinakwenda jeshini. Nani kakwambia ukuta lazima unyooke?"

Marehemu alikubali, jambo ambalo familia ingelipa kulishuhudia. Kisha akaanza kuvuta kamba. Walifanya kazi siku nzima, wakitukanana kama ndugu, na kufikia jioni kamba za chumba kile zilikuwa zinakwenda mbele na kurudi nyuma kama meno ya msumeno, kila jino na kona yake, kila kona na kitanda kimoja. Mkandarasi alipouona ukuta huo kwenye ramani aliuliza aliyechora alikuwa amekunywa nini, ndiyo maana hadi leo unaitwa Ukuta Mlevi. Umesimama. Haujaota ufa.

Jambo la pili waliloamua lilikuwa la mizigo, na hapo hapakuwa na ubishi hata kidogo. Kitanda kiwe sanduku. Mfuniko wake ndipo mahali pa godoro. Unaweka mali yako ndani, unafunika, unalala juu yake. Atakayetaka kukuibia akuamshe kwanza. Kufuli halihitajiki wala ufunguo wa kupoteza, kwa sababu kufuli ni wewe mwenyewe. Marehemu alikichora kitanda hicho akakipeleka kwa Bodi, Bodi ikakipitisha, wakapeana mikono.

Halafu, marehemu akiwa amesafiri kumuuguza mama yake, Bodi ikakutana upya peke yake. Mizigo ile, walisema, inanuka. Ina wadudu. Haipendezi kwenye picha. Mwenyekiti alikuwa na vitanda vya chuma vilivyokosa mnunuzi, na stoo safi ya mizigo mlangoni, yenye karani na vibandiko vya namba, ingeonyesha utaratibu. Marehemu aliporudi alikuta masanduku hayapo, stoo ipo, na utepe umekatwa. Nyumba ilifunguliwa tarehe 11 Machi 2013. Kwa wiki kadhaa vitanda vililala peke yao, vimetandikwa mashuka meupe, na watu walibaki vibarazani mvua ikiwapiga. Walifika mlangoni, wakaambiwa waache mizigo, wakageuka. Mwenyekiti aliwaambia waandishi wa habari, kwa huzuni kubwa, kwamba watu hawa hawataki kusaidiwa.

Marehemu hakwenda kwenye magazeti. Aliitisha kikao cha Bodi palepale kwenye Nyumba, akaweka beseni la kufulia mlangoni, akasema hakuna anayeingia kabla ya kuacha humo simu, pochi na funguo za gari. Walicheka, wakaacha. Kando ya beseni alikaa kijana wa makamo wasiyemjua, amejibanza kwenye kiti, na hakuwapa risiti. Marehemu akafunga mlango, akaanza kuwaeleza habari za mifereji ya maji. Alieleza kwa utulivu wa mtu asiye na safari. Habari hizo ni muhimu lakini hazikusikika. Mweka hazina aliinuka mara mbili kwenda chooni, na choo hakikuwa upande wa mlango. Mwenyekiti alikuwa amegeuza shingo mpaka kola ikamkaba.

"Yule kijana ni nani?" aliuliza hatimaye.

"Yupi?"

"Aliyekaa na vitu vyetu."

"Ni mtu mzuri," alisema marehemu. "Kuhusu mifereji ya nyuma, sasa..."

"Mama, tunaomba tufungue huo mlango."

"Mwenyekiti, hakuna atakayekuibia. Kuna utaratibu."

Mjumbe mmoja, bibi mtu mzima ambaye sasa ni marehemu naye na ndiye peke yake katika Bodi ile aliyestahili chai aliyokunywa, alianza kucheka hadi machozi yakamtoka. Alisema, "Jamani, warudishieni masanduku yao." Wakapiga kura mlango ukiwa umefunguliwa, kila mmoja akiwa ameshika simu yake mkononi kama kifaranga. Yule kijana wa mlangoni, kwa taarifa yenu, alikuwa shemeji yake marehemu, mwalimu wa hesabu.

Masanduku yalirudi. Nyumba ilijaa, na imejaa hadi leo. Hayo yote Bodi inayajua, maana kila mwaka inayasimulia kwa wafadhili kama mawazo yake.

Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo, ambayo aliyalaumu kwanza viti vya ofisi za serikali. Aprili 2024 ilibainika ni saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji mwezi Mei, akapata nafuu, akarudi ofisini, akagombana na watu kwa afya njema, kisha ikamrudia. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 12 Januari mwaka huu. Muuguzi wa zamu alimweleza kwa adabu kwamba mikoba ya wagonjwa huhifadhiwa stoo, karibu na mapokezi.

"Nani analala humo stoo?" aliuliza marehemu.

"Hakuna anayelala, mama. Ni stoo."

"Basi mkoba wangu hauwezi kukaa huko peke yake. Unaogopa." Aliuweka chini ya mto, na ukakaa hapo. Muuguzi yule baadaye alikuwa mtu wa karibu sana naye, na tunamshukuru.

Watu wa Nyumba walikuja kumwona. Getini mlinzi aliwazuia: wao wapite, mabegi hapana. Wangeweza kugeuka, kama walivyogeuka mwaka ule. Badala yake walizungumza kidogo pembeni, kisha wakafanya jambo ambalo dada yake marehemu, aliyekuwa dirishani, hakuwahi kuliona. Walimpa Redio mabegi yao yote. Redio akakaa kando ya uzio, chini ya dirisha la wodi, mizigo imemzunguka pande zote, wengine wakapanda. Wakaja tena siku nyingine, na nyingine, na kila mara ni Redio aliyebaki. Hivyo huyu aliyebishana na marehemu kuliko wote alikuwa hajapanda kumwona. Marehemu alikuwa akiinuliwa mpaka dirishani ampungie mkono, na Redio alikuwa akimjibu kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Jumapili ya mwisho mume wa marehemu aliteremka ngazi, akaketi kwenye mizigo, akamwambia Redio apande. Redio alimpa maelekezo marefu, akapanda. Mazungumzo yao dada yake aliyasikia yote, na akayaandika usiku ule kwa mazoea ya kazi.

"Mizigo iko na nani?" aliuliza marehemu, kabla ya salamu.

"Na mume wako."

"Anajua kukaa nayo?"

"Nimemwambia asiifungue, asiiweke penye maji, na asisinzie."

"Atasinzia. Lakini hafungui." Akapumua. "Nasikia wanataka kurudisha stoo nikishaondoka."

"Wanasema wataipa nyumba jina lako."

"Ndivyo wanavyofanya. Ukiwa hai wanakuweka stoo, ukifa wanakuandika ukutani."

"Sasa tufanyeje, Bi Kamba? Tuandamane?"

"Mna magoti ya kuandamana ninyi?" Redio alicheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia alisema, "Msiwaombe kitu. Waambieni washike wao kwanza. Lala kwanza, ubishe asubuhi. Na wao washike kwanza."

Redio aliketi pale mpaka alipochukuliwa na usingizi, yeye Redio, si mgonjwa. Chini, mhandisi wa maji hakusinzia.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Kilikuwa kifo kibaya. Aliumia, na waliomzunguka waliumia kumtazama, na mwandishi wa wasifu huu hatasema kwamba alilala tu kama mtoto, kwa sababu hakulala hivyo. Anamkosa. Nyumba imekuwa kimya mno na hakuna wa kumwambia mtu kwamba meza imekaa vibaya.

Marehemu ameacha mume, mhandisi wa maji mstaafu. Binti mmoja na mkwe. Mjukuu wa kike mwenye umri wa miaka sita ambaye wiki iliyopita alihamisha kabati la viatu bila kumwambia mtu. Dada mmoja, msomaji. Na shemeji mmoja, mlinzi wa beseni. Ameacha pia watu wote wanaolala leo kwenye Ukuta Mlevi, ambao hawamo kwenye orodha ya Mwenyekiti ya "wadau" lakini wamo kwenye hii.

Sasa jibu la familia kuhusu jina. Halikuandikwa na familia. Liliachwa na mwenye jina.

Jeneza litabebwa na watu sita wa Nyumba ya Malazi, Redio na Mama Sufuria wakiwa mbele. Kutoka hapa hadi kaburini ni mwendo, na mtu hawezi kubeba jeneza begi likiwa begani. Kwa hiyo kabla hawajalinyanyua watapita mstari wa mbele, na kila mjumbe wa Bodi atakabidhiwa begi moja. Alipakate. Asilifungue. Asiliweke chini, ardhi bado ina unyevu. Likinuka, avumilie; likiwa zito, ajue ni nyumba nzima ameshika. Asiinuke kwa sababu ya simu wala jua wala gari lililoegeshwa vibaya, mpaka mwenyewe arudi na kulichukua kwa mkono wake. Begi la Mwenyekiti ni lile la kijani, la Redio. Upande mmoja ni zito, ni kwa sababu ya redio.

Watu hawa hawajawahi kuacha mizigo yao kwa mtu yeyote ila kwa mwenzao aliyekaa kando ya uzio na kwa mgane aliyeko hapa. Leo wataiacha kwenu, na watawapa mgongo, kwa ajili yake. Wakirudi wakaikuta kama walivyoiacha, tutazungumza habari za jina. Na kama kuna mjumbe ambaye muda wote huo atakuwa amekaa bila kujiuliza mwenye begi atarudi lini, huyo asimame aitetee stoo, tutamsikiliza.

Redio, Mama Sufuria, na wenzenu, karibuni mbele. Wajumbe, nyosheni mikono.

Naye mdogo wetu apumzike kwa amani, na huko aendako asiambiwe aache chochote mlangoni.